Mguu wa Kushoto wa Wifi

Mwalimu Klachi alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa wa mwanafunzi, na dawa yenyewe ilikuwa kelele. Gari likizimika, "Klachi!" Likirukaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba, "Klachi!" Gia ikikataa kuingia na chuma kikasagana na chuma, alipandisha sauti mpaka wapita njia wakageuka: "Klachi, nimesema! Huo mguu wako wa kushoto una nini?" Ndiyo maana jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika mtaa mzima, na hata yeye mwenyewe akipiga simu alijitambulisha hivyo hivyo.

Shule yake ya udereva ilikuwa chumba kimoja chenye meza, viti vitatu na ubao wa alama za barabarani. Nje kulikuwa na gari moja tu, dogo, la miaka thelathini na moja, gia za mkono, rangi ya samawati iliyochujuka mpaka mtu akikuuliza ni rangi gani unafikiri kwanza. Wanafunzi waliliita Bibi. Mwalimu alimpenda Bibi kupita kiasi. Kila asubuhi alimfuta vumbi, akamwongezea maji ya rejeta kwa kopo kuukuu la oili, na ole wake aliyefunga mlango kwa kishindo.

Bibi alikuwa na kasoro moja. Hakutaka namba mbili. Namba moja aliingia vizuri, tatu vizuri, nne na tano bila neno, lakini ukimpeleka mbili alipiga ukelele wa kukutoa jasho. Wanafunzi wakaanza kuikwepa. Walivuta namba moja mpaka injini inalalamika, kisha wakarukia tatu. Mwanzoni Mwalimu aliwakaripia. Baadaye alichoka, na mtu akichoka hata kosa hulipa cheo. Akaanza kuwafundisha hivyo hivyo, na kwa majivuno: "Sisi hapa tunaruka kiunzi. Moja, tatu."

Kwenye tambarare, kiunzi kilirukika. Shida ilikuwa kwenye kilima cha uwanja wa mitihani, kifupi lakini kimesimama. Ukikianza na tatu, gari linakata pumzi katikati.

Na hapo ndipo wifi yake aliposhindwa mara ya pili.

Huyo wifi, mke wa mdogo wake Mwalimu, alikuwa mhudumu wa usafi kwenye zahanati kwa miaka tisa. Zahanati ilikuwa imepata gari la kubebea wagonjwa, la gia za mkono, na daktari mkuu alikuwa amemwambia wazi: lete leseni kabla mwezi haujaisha, usukani ni wako, usipoleta, tunachukua mtu wa nje. Mwanamke huyu hakuwa ametaka kitu namna ile tangu siku ya harusi yake, na hata siku ya harusi alisema alikuwa na wasiwasi kidogo. Mtihani wa kwanza, namba mbili ilipiga kelele kilimani. Wa pili aliiruka, Bibi akazimika, akarudi nyuma mpaka karibu aikanyage miguu ya askari wa getini. Mtihani wa tatu, wa mwisho kabla ya mwezi kwisha, ulikuwa Alhamisi iliyofuata.

Mtahini, bwana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimvuta Mwalimu pembeni.

"Mwalimu, nikuulize kitu, tusigombane. Kwa nini wanafunzi wako wote wanaruka namba mbili?"

"Wote?"

"Wote. Mwaka huu nimewapima ishirini na sita kutoka kwako. Moja, tatu. Moja, tatu. Shule nyingine hazina huo ugonjwa. Sisi ofisini tunawajua hata kabla ya kusoma fomu."

Mwalimu alirudi garini amekunja uso. Wifi alikuwa amehamia kiti cha abiria, anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Walipofika njia panda, Mwalimu, kwa mazoea tu, akafungua mdomo.

"Tatizo lako, wifi..."

"Najua. Mguu wangu wa kushoto," alisema wifi akitazama dirishani. "Mzito. Nimezaliwa nao, nitazikwa nao."

Kwa kawaida Mwalimu angecheka. Siku hiyo maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ishirini na sita! Aliwapanga kichwani mmoja mmoja: fundi cherehani anayekanyaga pedali ya mashine kutwa nzima, kocha wa mpira, yule dada mwembamba wa duka la dawa, na hata wa miaka ya nyuma, kama mzee mstaafu wa posta. Haiwezekani watu wote hawa, wasiojuana, wawe wamegawiwa mguu mmoja.

Ijumaa asubuhi alifungua boneti kama kawaida, akajaza lile kopo maji, akaliinamisha kwenye rejeta. Maji yalikuwa yanashuka kwa kusuasua, naye macho hayakuwa na pa kwenda, yakatua kwenye lebo. Lebo ilikuwa imepauka lakini herufi zilionekana. Mafuta ya gia. GL-5.

Alikuwa ameishika lebo ile kila asubuhi kwa miaka sita.

Aliweka kopo chini taratibu. Akafungua kisanduku cha dashibodi, akatoa karatasi za bima, kitambaa, peremende zilizogandana, na chini kabisa kitabu kidogo cha gari, kimekunjamana na kunuka petroli. Alivaa miwani. Ukurasa wa vilainishi ulikuwa na jedwali, na kwenye mstari wa giaboksi kuliandikwa bila kumungunya maneno: unene 75W-90, aina GL-4.

Sasa akakumbuka, na angetamani asikumbuke. Miaka sita nyuma, muuza duka alimwekea mbele makopo mawili, la nne na la tano, akamuuliza achukue lipi. Yeye akacheka, akasema, "Bibi wangu hapewi nne penye tano." Alidhani ni kama darasa la shule, ukitoka la nne unapanda la tano. Alilibeba kopo lile kwa fahari mpaka gereji. Na namba mbili, ambayo kabla ya hapo iliingia bila hata kusikika, ilianza kulalamika mwaka ule ule.

Aliketi kwenye kizingiti cha ofisi. Aliona aibu, na haikuwa aibu ya kukohoa ikapita. Miaka sita alikuwa anawapigia watu kelele kwa kosa alilolifanya yeye, tena kwa kujidai.

Kisha akainuka, akajifunga kibwebwe. Alikuwa na siku sita.

Fundi wake, ambaye mtaani walimwita Grisi kwa sababu hajawahi kuonekana bila hiyo, alimsikiliza huku amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Kisha akajivuta nje.

"Mimi niliuliza," alisema. "Nikakwambia, Mwalimu, hii siyo. Ukaniambia nifunge mdomo nifungue nati."

"Nilisema hivyo?"

"Kwa sauti yako ile."

Mwalimu alichuchumaa. "Nieleze leo. Nimefunga mdomo mimi."

Grisi alichukua kipande cha chaki, akachora sakafuni. Ndani ya giaboksi, alisema, kuna pete za shaba. Ukisukuma gia, pete inajibana kwenye gia, inaipunguza mwendo, meno yanakutana kwa adabu. Ili ibane, inahitaji kukwaruza kidogo. Oili ya tano imetengenezewa difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, za malori na magari mazito. Inateleza mno, pete haishiki, na dawa zake zile kali zinaitafuna shaba polepole.

"Kwa hiyo tano siyo nne iliyozidishwa ubora?"

"Ni oili ya kazi nyingine kabisa. Ni kama umpe mtu dawa ya mwenzake."

"Pete zitakuwa zimekwisha?"

"Sijui, na sikudanganyi. Zikiwa zimekwisha ni kufungua boksi lote, na vipuri vyake mwezi hautoshi. Zikiwa zimebaki, oili sahihi inaweza kumrudisha. Niletee nne. Lakini nisikilize: usiniletee ile iliyoandikwa nne na tano pamoja. Hiyo ni tano iliyovaa kofia. Nne peke yake."

Kumbe kusema ni rahisi. Jumamosi Mwalimu alizunguka mtaa wote wa vipuri kwa miguu, kitabu cha gari kwapani. Duka la kwanza, kijana wa kaunta alimwambia nne ilishakufa zamani, tano ndiyo nne ya siku hizi. Duka la pili walimpa chupa inayong'aa yenye namba zote mbili. "Inafaa zote, mama," muuzaji alisema. "Mimi sitafuti ya kufaa zote," Mwalimu akajibu, akairudisha. Duka la tatu walitaka kumpimia kutoka kwenye pipa lisilo na jina. Alipouliza ni oili gani, waliangaliana kwanza ndipo wakajibu, naye akashika njia. Duka la tano walikuwa na chupa iliyoandikwa nne, safi kabisa, moyo ukamruka. Akageuza kifuniko, kumbe mhuri umekatwa na ndani kuna kitu cheusi kinachonuka moshi. Hapo alitumia ile sauti yake, na wateja wawili wakaondoka.

Duka la tisa lilipofunga milango, miguu yake yote miwili ilikuwa mizito. Akaketi kwenye ngazi, akatoa simu, akakuta ujumbe wa wifi. *Usihangaike wifi yangu. Jumatatu namwambia daktari achukue mtu mwingine. Asante kwa uvumilivu wako na mguu wangu.*

Neno "uvumilivu" lilimchoma kuliko tusi. Mpaka hapo alikuwa na mpango wake mzuri wa kubadilisha oili kimya kimya, namba mbili ikubali, kila mtu afurahi, na siri abaki nayo yeye na Grisi. Alikuwa ameupenda mpango ule. Akaufuta. Alijibu maneno matatu: *Usimwambie. Nakuja Jumatatu.*

Jumatatu saa mbili asubuhi alimkuta wifi kwenye korido ya zahanati, anapiga deki, ndoo pembeni.

"Simama hapo hapo, usikanyage pabichi," alisema wifi.

Mwalimu akasimama hapo hapo, akapiga moyo konde, akasema yote. Kopo, lebo, nne na tano, kicheko chake dukani, miaka sita. Hakujitetea. Alipomaliza alisema, "Mguu wako hauna kosa. Haukuwa na kosa hata siku moja. Kosa ni langu. Nisamehe."

Wifi aliendelea kupiga deki mpaka mwisho wa korido, akarudi.

"Unajua nina tofali jikoni?" aliuliza.

"Tofali la nini?"

"Kila nikipika nalikanyaga mara hamsini. Mguu wa kushoto. Ili upate akili. Mume wangu ananicheka, watoto wananihesabia. Miezi minne, wifi. Nakanyaga tofali."

Machozi yalimlenga Mwalimu, akayaacha.

Wifi alikamua tambara la deki kwa nguvu, maji yakaruka. "Na hiyo oili iko wapi?"

"Sijaipata."

"Sasa unafanya nini hapa? Kaitafute!"

Sauti ile ilijaza korido; mgonjwa mmoja alichungulia. Mwalimu alitoka mbio nusu analia nusu anacheka, kwa sababu ilikuwa ni sauti yake mwenyewe aliyofundisha.

Aliipata saa sita kasoro, mahali ambapo hakuna mwenye gari dogo anayeingia: duka la vipuri vya trekta na mashine za kusaga, nyuma ya kituo cha mbao. Muuzaji, mama mmoja aliyekuwa akifunga boliti kwenye vifurushi, hakuinua hata kichwa.

"Nne? Ipo. Trekta za zamani hazinywi kingine. Shelfu ya chini, mkono wa kulia. Jihadhari na panga la mashine."

Zilikuwa chupa tatu za lita moja, zimelaliwa na vumbi. Mwalimu alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akazifuta moja moja kwa upindo wa gauni. Mihuri ilikuwa mizima. Upande wa mbele: GL-4, bila kuunganishwa na kitu. Unene ule ule wa kwenye kitabu. Upande wa nyuma, kwa herufi za sisimizi, iliandikwa kuwa ni salama kwa shaba. Alisoma mara tatu, kidole kikifuata mstari, kisha akazikumbatia zote tatu kama mtu aliyebeba mapacha na wa ziada.

"Bibi anataka lita mbili na robo tu," alimwambia muuzaji, kama vile muuzaji anamjua Bibi.

"Basi mpe salamu," alisema mama yule, bado hajainua kichwa.

Gereji, Grisi alimweka Bibi juu ya shimo la ukaguzi, akaendea nati ya chini ya kumwagia oili.

"Ya juu kwanza," alisema Mwalimu.

"Mwalimu..."

"Ukimwaga oili, halafu nati ya kujazia ikagoma kufunguka, mtihani wangu utafanyika kwa mkokoteni? Ya juu kwanza."

Grisi alitaka kubisha, akafikiri, akafungua ya juu. Ilikuwa imekaza kweli. Ilimchukua robo saa, dawa ya kutu na maneno ambayo hayaandikwi. Alipotoka jasho linamtiririka hakusema kitu, na kwa Grisi huko ni kukupa saluti.

Oili ya zamani ilishuka nyeusi, ikinuka yai viza. Grisi aliichota kwa kidole, akakipeleka kwenye mwanga. Kidole kilimetameta vumbi laini la njano.

"Pete zako hizi," alisema.

"Zote?"

"Sehemu. Nyingine zimo ndani bado, ndiyo tutajua." Akaweka mpira na faneli, akamimina taratibu mpaka oili mpya ikaanza kudondoka kwenye ukingo wa tundu la juu, akaiacha idondoke mpaka ikatulia, akafunga. "Mzungushe nusu saa, apate joto. Usimlazimishe."

Mwalimu alitoka na Bibi barabarani, roho juu. Namba moja. Klachi. Na mkono wake, bila kumuuliza, ukaenda tatu.

Alisimamisha gari kando ya njia, akautazama mkono ule kama wa mtu mwingine. Mwalimu mzima! Akaanza upya, safari hii akitaja kila hatua kwa sauti. Mbili ilikwaruza. Akazunguka, akarudia. Ilikwaruza kidogo. Akazunguka tena mtaa wa maghala, mara kumi, mara ishirini, Bibi akapata joto, na mara ya ishirini na kitu rungu la gia likateremka, likatulia mahali pake. Hakukuwa na mlio wowote. Alifikiri hajaingiza. Akaachia klachi, na Bibi akavuta.

Pete zilikuwa zimebaki.

Jumanne na Jumatano baada ya kazi, wifi alikaa kwenye usukani. Gari lilikuwa limepona, lakini mkono wake ulikuwa bado mgonjwa. Ulijua moja na tatu tu, kama ulivyofundishwa. Ukikaribia mbili ulishtuka na kuruka. Mwalimu hakupiga kelele. Alimpa mwiko, akamwambia nyumbani aushike kama rungu la gia: moja juu, mbili chini, papo hapo, usihame njia. "Na tofali?" aliuliza wifi. "Tofali litupe." Usiku mume wake alipiga simu kwa dada yake kuuliza ni shule gani hii ambayo mwanafunzi wake anabadilisha gia kwenye sufuria ya maharage.

Alhamisi Mwalimu alisimama nje ya uzio wa uwanja, vidole vimeshika waya. Alimwona Bibi akipita kwenye koni, akiegeshwa, akitoka. Kisha akamwona anasimama chini ya kilima, mtahini pembeni na kalamu yake. Aliona gari linaanza kupanda. Injini ikapanda sauti kwa namba moja, ikapanda tena, ikapoa klachi ilipokanyagwa. Hapo ndipo ukelele ulipokuwa ukija siku zote. Mwalimu alifumba macho akausubiri.

Hakusikia kitu. Alipofumbua, Bibi alikuwa juu ya kilima.

Mtahini hakuamini. Alimrudisha wifi chini, akamwamuru apande tena. Akapanda. Akamrudisha mara ya tatu, safari hii amevua miwani na kuinamisha sikio karibu na rungu la gia. Akapanda. Waliporudi getini, mtahini alishuka, akatia sahihi fomu juu ya boneti.

"Amepita," alimwambia Mwalimu. "Umemfanyaje?"

"Hakuwa na tatizo. Mimi ndiye niliyekuwa nalo," alisema Mwalimu, na safari hii haikumwia vigumu.

Wifi alishuka bila haraka. Aliutanguliza mguu wa kushoto, akaukanyaga chini, akaunyoosha mbele ya Mwalimu kama mtu anayeonyesha kiatu kipya.

"Hebu niangalizie, wifi. Umepungua uzito, au bado?"

Wakakumbatiana wakicheka mpaka askari wa getini akawaomba wasizibe njia. Mwalimu alimpa ufunguo, akaenda kukaa upande wa abiria. Njia nzima hakusema klachi hata mara moja. Karibu na zahanati, wifi akiwa kwenye namba mbili anasubiri watoto wavuke, aliuliza, "Na wale wengine?"

Mchana huo huo Mwalimu alifunga mlango wa ofisi, akatoa daftari la majina ya wanafunzi, akalifungua kwenye ukurasa wa miaka sita iliyopita. Jina la kwanza lilikuwa la mzee mstaafu wa posta, aliyeshindwa mara nne, akauza hata gari alilokuwa ameshanunua. Mwalimu aliiweka simu mezani, akaichukua tena, akapiga. Iliita muda mrefu.

"Halo," alisema iliposhikwa, kwa sauti ndogo ambayo mzee yule hakuitambua. "Ni mimi, Mwalimu Klachi. Nakupigia kuhusu mguu wako wa kushoto."